Kabla ya Kununua Nyumba Mombasa, Uliza Ardhi ni ya Nani

Mama mmoja wa Majengo aliingia ofisini kwetu na bahasha ya kaki iliyolegea kwa kushikwashikwa. Alitaka mkopo wa kuongeza ghorofa juu ya nyumba yake ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, apangishe juu na yeye akae chini. Nikamwomba hati miliki. Akanitolea risiti za kodi ya ardhi, mwaka baada ya mwaka, nyingine wino wake umefifia hata husomi tarehe. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba ni yangu, tumejenga na marehemu. Ardhi ndiyo si yetu."

Mimi ni afisa wa mikopo katika chama cha akiba na mikopo hapa Mombasa. Kila siku wanachama huniuliza: nyumba zinapanda bei, je, niendelee kupanga au ninunue? Nimeanza na bahasha ya yule mama kwa sababu mjini kwetu swali hilo lina jingine chini yake: unanunua nini hasa?

Mgeni kutoka bara hushangaa akisikia "nyumba bila ardhi". Sisi tumekua nayo. Majengo, na sehemu nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe, mtu hujenga kwenye kiwanja cha mwenzake, akamlipa kodi ya ardhi, na nyumba ikawa yake ya kuishi, kupangisha, hata kurithisha. Sheria ya Kiingereza iliyokuja na ukoloni huhesabu jengo kuwa sehemu ya ardhi liliposimama. Desturi ya pwani, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, huruhusu ardhi iwe ya huyu na jengo liwe la yule. Kisha likaja sajili la ardhi la pwani, chini ya sheria ya mwaka 1908. Aliyejitokeza kudai akasikilizwa, akaandikiwa hati. Wengi waliokuwa wakilima na kuishi hapohapo hawakuandikwa popote. Hadi leo tunalipa gharama ya jambo hilo.

Nyumba ya namna hii huuzwa kwa bei ya chini, na hapo ndipo watu hunaswa. Kijana amekusanya pesa zake, anaonyeshwa nyumba nzuri, bei nusu ya ile ya mtaa wa pili, wazee wa mtaa wanashuhudia, karatasi inatiwa sahihi. Alichonunua ni kuta na mabati. Mwenye ardhi akifariki, warithi wakauza kiwanja kwa mtu anayetaka kujenga gorofa, huyu kijana ataanza kutafuta wakili huku mnunuzi wa kiwanja akitafuta tingatinga. Benki haitampa rehani juu ya nyumba hiyo kwa kuwa hana hati ya kuweka dhamana. Sisi tunaweza kumkopesha kwa akiba yake na wadhamini, lakini tutamuuliza maswali mengi kwanza, na asione tunamsumbua.

Sisemi usinunue kabisa. Wako waliokaa hivyo miaka hamsini kwa amani. Nasema bei ya nyumba bila ardhi iwe bei ya nyumba bila ardhi, na kabla hujatoa shilingi, mwenye ardhi mwenyewe akutambue kwa maandishi: kodi ni kiasi gani, unaruhusiwa kujenga kwa vifaa gani, na akitaka kuuza kiwanja atakwambia wewe kwanza.

Sasa tuje kwenye nyumba yenye hati.

Bei zinapanda kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Kisiwa ni kilekile, bahari imekizunguka, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika kaunti nzima. Reli ya kisasa ilipofika Miritini mwaka 2017, na barabara ya Dongo Kundu ilipofungua upande wa kusini, viwanja ambavyo hakuna aliyevitazama vikaanza kutafutwa. Nyali na Bamburi nyumba nyingi zimegeuzwa za wageni wa siku mbili tatu, zikatoka mikononi mwa wapangaji wa mwaka mzima.

Mtu akiona hivyo huingiwa na hofu kwamba asiponunua leo hatanunua tena. Halafu rafiki anamwambia kodi ni pesa ya kutupa. Naomba tushike kalamu.

Tuseme gorofa ya vyumba viwili vya kulala inauzwa shilingi 5,500,000, na nyumba kama hiyo jengo lilelile inapangishwa 25,000 kwa mwezi. Unaweka malipo ya awali ya asilimia 10, yaani 550,000. Zinabaki 4,950,000, unazichukua kwa rehani ya miaka 20, riba asilimia 14 kwa mwaka. Kila mwezi utalipa kama 61,500. Na hebu angalia mwezi wa kwanza peke yake: katika hizo 61,500, shilingi 57,750 ni riba, na kinachopunguza deni la nyumba hakifiki hata 4,000. Ukimaliza miaka 20 bila kukosa, utakuwa umeilipa benki zaidi ya milioni 14.7. Hapo sijaweka ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 220,000 na hulipwa kabla hati haijahamishwa jina. Sijaweka wakili, mthamini, bima, wala ada ya kila mwezi ya mlinzi, lifti na maji. Wala sijamweka adui wetu wa pwani, chumvi, inayokula nondo na mageti ya chuma.

Kwa hesabu hiyo mpangaji anayeweka kando zile 36,500 za tofauti kila mwezi hatupi pesa. Shida ni kwamba wengi hawaziweki. Nimekaa kwenye dawati hili vya kutosha kujua kuwa tofauti hiyo huishia kwenye harusi, kwenye gari, kwenye simu mpya. Kama unajijua huwezi kuweka akiba bila kulazimishwa, deni la nyumba linaweza kukulazimisha, ila ni mwalimu ghali. Ndiyo maana mwisho wa mwaka 2023 rehani zote za benki nchini zilikuwa takriban 30,000 tu. Wakenya wengi hujenga kidogokidogo: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, kuta zikingoja.

Kwa wanaofanya kazi za hoteli, nawaomba msikie hili kwa uzito. Mvua za Aprili hadi Juni zikija, wageni hupungua na wengi wenu hupewa likizo isiyo na mshahara. Rehani haijui msimu. Ningekushauri upange, ununue kiwanja kidogo chenye hati kwa mkopo wa miaka mitatu au minne, kisha ujenge ukiwa na nguvu. Aliye na kazi ya kudumu na pensheni ana njia nyingine: tangu 2020, kanuni za pensheni humruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi shilingi milioni 7. Itumie kwa hadhari, maana ni chakula cha uzeeni. Na anayeogopa riba kwa sababu ya dini asidhani mlango umefungwa; tangu 2008 kuna benki zinazofuata sharia, ambako benki huinunua nyumba na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana. Gharama yake bado uilinganishe na nyingine.

Ukiamua kununua, fanya upekuzi rasmi wa hati wewe mwenyewe au kwa wakili wako, kamwe usimwachie dalali wa muuzaji. Kama hati ni ya kukodishwa, hesabu miaka iliyobaki. Kama ni gorofa, uliza iwapo utapata hati ya sehemu yako chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2020.

Mpangaji naye asikae kama mgeni. Kodi ikiwa ya mwezi, notisi ya kuhamishwa haipungui mwezi mmoja. Baraza la kodi, linaloamua ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, bado lipo, lakini sheria yake inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500, kiwango ambacho leo hupati hata chumba kimoja Mshomoroni. Hilo linanikera, na wabunge wetu wanapaswa kulirekebisha. Kwa hiyo ngao yako ni mkataba wa maandishi, unaotaja kodi itapanda lini na kwa kiasi gani.

Yule mama hatukumpa mkopo wa ghorofa. Tulimshauri amtafute mwenye kiwanja aulize kama anauza. Ikabainika hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki zamani, na warithi ni wanne, mmoja yuko Maskati. Watatu wamekubali kumuuzia, na kesi ya mirathi imefunguliwa Mahakama ya Kadhi. Risiti zake tumezitolea nakala zote, zile za wino uliofifia tukazipiga picha mara mbili. Wa Maskati bado hajatia sahihi.