Shangazi naye ni abiria

Tulikuwa tunapeleka mahari Morogoro, watu wanane ndani ya gari dogo, Toyota IST. Shemeji kwenye usukani, mjomba kando yake amempakata mjukuu, nyuma watu wazima wanne na katoto kamoja juu ya mapaja. Tumeshaipita Chalinze, trafiki akanyoosha mkono. Akainama dirishani, akahesabu kwa macho, akasema, "Dereva, umezidisha abiria."

Shemeji akacheka kwa adabu. "Afande, hawa si abiria. Hii ni familia yangu. Sijamtoza mtu hata shilingi."

Shangazi, aliyebanwa katikati huko nyuma, akadakia: "Mwanangu, kwani sisi tumepanda daladala?"

Utetezi huo nimeusikia mara nyingi mno, na kwa watu waliosoma. Kwa hiyo niliseme. Kuzidisha abiria ni kubeba watu wengi kuliko idadi ambayo gari limesajiliwa kubeba, na idadi hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. IST ni watano, dereva akiwemo. Noah, saba au nane, tazama kadi yako. Maana yenyewe imeishia hapo. Kazi iko kwenye neno abiria.

Abiria tumelipata kwa Waarabu, kutoka kitenzi chao abara, yaani kuvuka, kama mtu anavyovuka mto kutoka ng'ambo hii kwenda ile. Pwani tukapata kuabiri, kusafiri kwa chombo, na anayesafiri akawa abiria, mmoja au mia, neno halibadiliki. (Ibara, ile ya kwenye katiba, ni ndugu yake wa shina moja.) Ni neno la majahazi kabla halijawa la mabasi. Anayekiendesha chombo ni nahodha, wanaofanya kazi ndani yake ni mabaharia, na aliyepanda ili avushwe tu ni abiria. Hakuna mahali popote katika ukoo wa neno hilo palipotajwa pesa.

Pesa ina neno lake, nauli, nalo pia limekuja na vyombo vya baharini. Waarabu walilitoa kwa Wagiriki, na kote huko lilikuwa malipo ya kusafirishiwa shehena au kupanda merikebu. Maneno mawili, kazi mbili. Anayelipa nauli ni abiria, lakini abiria halazimiki kulipa nauli. Mtoto wa nahodha alipanda bure, na jahazi likizidiwa alizama na wenzake.

Ajabu ni kwamba kwenye maji jambo hili hatubishani. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Nchi nzima ilisema kivuko kilizidisha abiria, na hakuna aliyeuliza nani kati yao alikata tiketi na nani alikuwa jamaa ya mfanyakazi. Tukishuka kwenye kivuko na kuingia kwenye IST, hesabu inageuka. Huku tunasema "tutaenea tu." Kuenea ni kweli tulienea. Mapaja yanaenea popote. Lakini kadi ya gari haihesabu mapaja, inahesabu viti.

Nadhani mkanganyiko huu umeletwa na kosa lingine linaloishi jirani, la teksi bubu. Gari lenye namba za njano, la mtu binafsi, likibeba watu kwa nauli bila leseni ya usafirishaji, hilo ni kosa hata kama ndani yuko abiria mmoja amenyoosha miguu. Hapo ndipo "sijamtoza mtu" ingekuwa hoja. Shemeji alijibu shitaka ambalo hakusomewa.

Halafu wapo wanaochanganya na uzito, ule wa malori kwenye mizani. "Sisi wote wembamba, gari halijalemewa." Haya, tupige hesabu. Watu saba wa kilo 50 ni kilo 350, sawasawa na watu watano wa kilo 70. Kwa springi za gari ni mzigo uleule. Ila IST ina mikanda mitano, kwa hiyo wawili kati ya wale wembamba hawana kinachowashika. Gari likigonga, aliye nyuma bila mkanda anaendelea na safari kwa mwendo uleule mpaka akutane na kiti cha mbele, au kisogo cha aliyekikalia. Mjomba amefunga mkanda wake vizuri kabisa, na bado anaweza kuumizwa na shangazi.

Na mtoto wa kupakatwa, ambaye kila mtu humwondoa kwenye hesabu kwa sababu hana kiti? Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta kwenda mbele kana kwamba ana kilo 140. Hakuna mikono ya mama wala ya babu inayoshika gunia la kilo 140 ambalo limechomoka bila taarifa. Tena mjomba alikuwa amemweka mbele, kati ya kifua chake na dashibodi.

Uzito nao ukizidi kweli una mambo yake. Siku ile nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini, kila tuta tunasikia kishindo. Nyuma ikizama pua inainuka: usiku taa zako zinampiga anayekuja machoni badala ya kumulika lami, usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, breki zinachukua umbali mrefu zaidi, na tairi la nyuma lenye upepo pungufu linachemka mpaka linapasuka. Haya fundi yeyote wa gereji atakueleza bila kukutoza.

Faini ya kosa kama hili iliyoandikwa barabarani siku ile ilikuwa shilingi 30,000. Usipoilipa inabaki kuwa deni la gari, ukiingiza namba kwenye mfumo wa polisi linakusubiri pale. Hiyo ndiyo bei ndogo. Bima ya gari binafsi nayo ina masharti ya matumizi na idadi ya watu, na ajali ikitokea mmezidi, umewapa kampuni sababu ya kubishana na wewe. Akifa mtu, kesi inakwenda mahakamani, na hapo idadi ya mliokuwemo itaulizwa mapema sana.

Shemeji aliandikiwa zake, mjomba na mjukuu pamoja na wengine wawili wakashushwa wakatafuta basi. Mahari ilifika imechelewa. Shangazi analalamika mpaka leo kwamba tulipigwa faini kama daladala ilhali yeye hakuwa abiria wa mtu.

Ulikuwa abiria, shangazi. Tofauti ni kwamba ulipanda bure.