Je, wajua kwa nini Buscopan haitulizi jino?

Swali hili naliuliza kwa aibu kidogo maana mi mwenyewe nilikuwa na jibu la uongo kwa miaka. Daktari aliniandikia Buscopan siku tumbo liliponisokota vibaya, nikapona, vidonge sita vikabaki kwenye droo na kichwani mwangu nikaviweka kwenye fungu la dawa za maumivu. Basi usiku mmoja hapa Kigoma jino likaanza, nikameza viwili, hamna kitu, baadaye nikaongeza viwili, jino linadunda vilevile ila sasa na mdomo umekauka kama nimelamba unga wa muhogo. Asubuhi shemeji yangu anayeuza duka la dawa alicheka hadi akakaa chini, "shem, jino umelinywesha dawa ya utumbo!"

Na ndo hivyo. Buscopan sio dawa ya maumivu. Panadol inashughulika na maumivu yenyewe, hii haiyagusi kabisa, inagusa msuli. Nimeshauliza watu kadhaa tangu siku ile na karibu wote walikuwa na imani kama yangu, kwamba ni Panadol ya tumbo, yaani mtu anajua inatuliza lakini hajui inatuliza nini. Kuta za utumbo zina misuli inayobana na kuachia ili chakula kisogee, na hatuiamrishi sisi. Ikibana bila kuachia, hapo ndo tumbo linakata.

Sasa chukulia behewa la treni ya Kigoma kwenda Tabora. Kwenye msuli wa utumbo kuna viti, na mishipa ya fahamu inatuma abiria anaitwa asetilikolini, huyu akikaa tu kitini msuli unabana. Buscopan inapanda mapema, inakaa kwenye kiti kilekile halafu inachapa usingizi, haitoi amri yoyote. Asetilikolini anakuja na tiketi yake mkononi, anakuta kiti kina mtu, anabaki amesimama mlangoni, na msuli unaachia. Baada ya saa kadhaa yule aliyelala anashuka, ndo maana dozi inarudiwa. Jino langu lenyewe halikuwa na msuli uliobana, kwa hiyo hakukuwa na kiti cha kukalia, dawa ilipanda treni isiyokuwepo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ukimeza kidonge, kinachoingia kwenye damu hakifiki hata asilimia 1. Dawa hii imetengenezwa kutokana na skopolamini, inayopatikana kwenye miti ya Duboisia ya Australia, na skopolamini yenyewe inaingia hadi kwenye ubongo, inasinzisha na ikizidi mtu anaweweseka. Wakemia wakaibandika kipande kinachoipa chaji ya umeme isiyotoka, na kitu chenye chaji kinapata tabu kupenya kuta za mafuta za utumbo na za ubongo. Yaani waliiharibu makusudi isifike mbali, na huko kuharibika ndo ubora wake.

Ila nisiisifie sana. Utafiti wa Kanada uliotoka 2020 uliilinganisha na parasetamo (ndo hiyo Panadol) kwa watoto wenye tumbo la kukata na haikuishinda, maumivu yalipungua kwa wote.

Na viti vile haviko utumbo tu, viko kwenye mate, jasho, kibofu, macho na moyo. Kidogo kinachopenya kinaweza kukausha mdomo, kupandisha mapigo, kufunga choo au mkojo, na kupunguza jasho, hilo la mwisho mtu wa Tabora mwezi wa kumi alifikirie mara mbili (kwa sindano mambo haya yanatokea zaidi kuliko kwa vidonge). Mwenye presha ya macho, tezi dume inayobana mkojo, moyo unaokwenda mbio, utumbo ulioziba au ugonjwa wa misuli wa mayasthenia amwambie daktari kabla hajaandikiwa, mjamzito na anayenyonyesha pia. Piriton nayo inakalia viti hivyohivyo kwa hiyo ukavu unaongezeka, wakati metoklopramaidi ya kuzuia kutapika inausukuma utumbo uende, ukimeza hiyo na Buscopan pamoja ni watu wawili wanavuta kamba moja kila mmoja upande wake.

Shemeji mtu akija na tumbo hampi kitu kabla hajauliza. Una homa? Unatapika? Choo kina damu? Tumbo gumu ukiligusa? Gesi inatoka? Jibu likimtia shaka anamwambia aende hospitali, kwa sababu kidole tumbo au utumbo ulioziba ukiutuliza kidogo mgonjwa anarudi kulala huku tatizo linaendelea.

Vile viwili vilivyobaki nilimpelekea akakataa, eti dawa iliyolala kwenye droo ya mtu hairudi dukani, na jino nikaling'oe.