Mapigo ya moyo na baiskeli: maswali ya waendeshaji wa Mombasa

Saa inanionyesha kasi. Kipima mapigo cha nini tena?

Kasi hapa Pwani hudanganya. Kaskazi ikivuma, ukielekea Mtwapa upepo unakupiga usoni; ukirudi Nyali unakusukuma mgongoni, na miguu ni ileile. Kusi ikishika, mambo hugeuka. Kipima mapigo hakijali upepo, kinaonyesha jinsi mwili unavyofanya kazi. Kwangu mimi faida yake kubwa ni kukuzuia. Wengi wetu, hasa tunaotoka kwa makundi Jumapili asubuhi, hukanyaga kwa nguvu ya katikati kila siku: si pole ya kujenga pumzi, wala si kali ya kuongeza kasi. Uchovu unabaki, maendeleo hayaonekani.

Ninunue mkanda wa kifuani au saa?

Mkanda, ukiweza. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, na si kifaa cha jana: kampuni ya Polar ya Finland ilianza kuuza kipima mapigo kisicho na waya mwaka 1982. Saa humulika taa ya kijani kwenye ngozi na kufuatilia damu inavyopita. Ukibana usukani au baiskeli ikitikisika kwenye mashimo, namba zinaruka. Kama una saa pekee, ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono na uikaze. Mkanda nao lowanisha sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kutoka, na ukirudi usuuze. Tumia maji ya mfereji, maana visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na ya jasho inatosha kuuharibu.

Kilele changu cha mapigo nakijuaje?

Kanuni maarufu ni 220 toa umri. Ipo nyingine ya mwaka 2001: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu hilo kwenye 208. Mwenye miaka 40 anapata 180 kwa zote mbili, lakini mwenye miaka 60 anapata 160 kwa ya kwanza na 166 kwa ya pili. Hizo ni namba za wastani. Wewe unaweza kupishana nazo kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Na kwenye baiskeli kilele huwa chini kidogo kuliko ukikimbia kwa miguu. Basi usifuate namba ya mwenzako.

Siku za pole kaa kati ya asilimia 60 na 75 ya kilele: kwa 180 ni mapigo 108 hadi 135 kwa dakika. Uweze kumsimulia mwenzako habari ndefu bila kukatika pumzi. Asiye na kifaa atumie kipimo hicho hicho cha mazungumzo.

Mbona Februari mapigo yanapanda na mimi nakanyaga vilevile?

Ni joto. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, huku jasho likipunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Unyevu wa hewa yetu unazidisha taabu: jasho linadondoka chini badala ya kukauka mwilini, na jasho lisilokauka halipozi. Baada ya saa nzima si ajabu kuona mapigo 10 zaidi kwa nguvu ileile.

Hapo fuata moyo, sio kasi. Shusha gia, punguza mwendo, hata kundi likikuacha. Toka alfajiri. Kunywa kidogo kidogo njiani. Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo safari ndefu inataka pia kitu chenye chumvi. Wanaofunga Ramadhani waache mazoezi makali ya mchana. Baada ya futari, na taa kwenye baiskeli, inatosha.

Na mbio fupi za nusu dakika?

Usiangalie namba. Moyo huchelewa kupanda, na utakuwa umemaliza kabla haujafika.

Mapigo ya asubuhi yana maana?

Sana. Yapime ukiwa bado kitandani, siku kadhaa mfululizo, ujue kawaida yako. Yakipanda ghafla, huenda hujapumzika vya kutosha au homa inakuja, kwani kila nyuzi moja ya homa huongeza takriban mapigo 10. Mwenye homa asipande baiskeli kabisa.

Natafuna muguka kidogo kabla ya kutoka. Kuna neno?

Lipo. Muguka na miraa huongeza mapigo na presha kabla hujakanyaga hata pedeli moja. Ukiongeza joto na jitihada, unaubebesha moyo mizigo mitatu kwa pamoja. Acha.

Nina presha, natumia atenolol.

Dawa za aina hiyo hushusha mapigo, kwa hiyo kanuni za umri hazikufai. Tumia kipimo cha mazungumzo, muulize daktari wako kiwango chako, na usiiache dawa ili namba zipande. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au ukisikia kizunguzungu, shuka na utafute hospitali mara moja, hata kama kifaa kinaonyesha namba nzuri. Hakikuundwa kugundua ugonjwa wa moyo.