Maana ya "maikroni 0.1" kwenye chujio la maji

Uliza chujio gani jepesi linafaa kubeba mlimani, utajibiwa kwa namba kabla hujamaliza swali. "Chukua la 0.1, linatoa kila kitu." Mwingine ataongeza kwamba la 0.2 limepitwa na wakati, usipoteze hela. Namba hiyo ina maana yake, ila ni finyu kuliko watu wanavyoitumia.

Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chujio la maikroni 0.1 ni lile ambalo matundu yake hayazidi upana huo. Basi. Machujio mengi mepesi ya siku hizi yana fungu la nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati kama mirija, teknolojia iliyotokana na mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Unakamua mfuko au unafyonza, maji yanapenya kwenye kuta za nyuzi, na kilicho kikubwa kuliko tundu kinabaki nje. Hakuna dawa wala umeme, na hakuna mdudu anayeuawa. Ndiyo maana kifaa kama Sawyer Squeeze kina uzito wa gramu 85 hivi tu.

Sasa bishano la 0.1 na 0.2. Pembeni ya namba huwa kuna neno ambalo wengi hawalisomi: "absolute" au "nominal". La pili linamaanisha kwamba kwa kawaida matundu ni ya kiasi hicho, lakini mengine yamezidi, kwa hiyo sehemu ya vitu vya ukubwa uliotajwa itapita. La kwanza ni ahadi kwamba karibu chote chenye ukubwa huo kitakwama. Chujio la 0.2 lenye ahadi hiyo naliamini zaidi kuliko la 0.1 lisilokuwa nayo.

Halafu tazama wanaozuiwa wenyewe. Giadia, kimelea wa tumbo wa kundi la protozoa, ana maikroni nane na zaidi. Kriptosporidia, mwenzake wa kundi hilo, ana nne hadi sita. Bakteria wa kipindupindu, wa taifodi na E. koli wana upana wa nusu maikroni au zaidi, na urefu wao unazidi hapo. Wote hao wanakwama kwenye 0.2 kama wanavyokwama kwenye 0.1. LifeStraw ile ya kunywea kama mrija ni ya 0.2, na kwa bakteria hao inafanya kazi yake vizuri. Anayeidharau kwa sababu ya hiyo desimali anagombea kiwanja, kati ya 0.1 na 0.2, ambacho karibu hakina mkazi.

Wakazi wenyewe wako chini zaidi. Kirusi cha rota, cha kuharisha, kina maikroni 0.07 au zaidi kidogo. Kirusi cha noro, cha kutapika na kuharisha, na kile cha homa ya ini aina ya A vina kama 0.03. Kwa hivi viwili tundu la 0.1 ni mlango uliofunguliwa wote, hata vikija vitatu sambamba vinapita bila kugusana na fremu. Ni kweli kwamba baadhi ya virusi hunasa kwenye chembe za udongo na kuzuiwa pamoja nazo, lakini huwezi kuliweka hilo kwenye hesabu ya usalama wako. Kwa hiyo kutoka 0.2 kwenda 0.1 hujabadilisha kitu kikubwa. Kutoka 0.1 kwenda 0.02, ambayo ndiyo ya kifaa kiitwacho MSR Guardian, umebadilisha kila kitu, pamoja na mzigo: kifaa hicho kina karibu nusu kilo.

Wamarekani wanatenga chujio na kifaa cha kutakasa maji. Mwaka 1987 Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo lilitoa mwongozo wa vipimo: ili kifaa kihesabiwe kuwa kinatakasa maji, lazima kiondoe asilimia 99.9999 ya bakteria, 99.99 ya virusi na 99.9 ya vimelea vya aina ya giadia. Kisichofikia sharti la virusi kinabaki kuwa chujio, hata kingekuwa kizuri namna gani. Kwenye maduka yetu vyote viwili vinaitwa filta, na tofauti inaishia hapo hapo kaunta.

Kinachoniudhi zaidi ni chanzo cha ile "linatoa kila kitu". Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa kwa ajili ya milima ya Marekani, kwenye pori ambako juu ya kijito chako mara nyingi hakuna mtu anayeishi. Virusi vinavyotuumiza tumbo na ini hutoka zaidi kwenye kinyesi cha binadamu. Pasipo na watu, hatari yake ni ndogo, na Mmarekani ana haki ya kubeba la gramu 85 akalala usingizi. Usambara na Uluguru si hivyo. Kule watu wanaishi na kulima hadi juu ya mabonde, na kijito unachochota kimeshapita kwenye mashamba na nyumba zao. Kilimanjaro nako, Karanga ndiyo sehemu ya mwisho ya kuchota maji kwa njia ya Machame kabla ya kambi ya Barafu, na makundi yote yanapita hapo pamoja na wapishi na wapagazi wao. Hesabu ya hapo si ya pori tupu.

Dawa yake si ghali. Wapishi wa Kilimanjaro wanaochemsha maji wako sahihi: kwenye mita 4,000 maji yanachemka kwenye nyuzi joto 87 hivi, na joto hilo bado linaua virusi. Usiye na gesi ya kuchezea, chuja kwanza kisha tia kidonge cha klorini, ungoje muda ulioandikwa kwenye pakiti. Klorini inaua virusi kirahisi lakini kriptosporidia anaishinda, na huyo ndiye chujio linayemzuia bila jasho. Vidonge vya safari nzima havifiki uzito wa soksi.

Lipo kundi jingine ambalo maikroni haziligusi kabisa: vilivyoyeyuka. Chujio la chai linazuia majani, halitoi sukari. Floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, iliyo kwenye vijito vya upande wa Mlima Meru iko hivyo hivyo. Maji Ya Chai, nje kidogo ya Arusha, inajulikana kwa floraidi nyingi, na meno ya wazaliwa wa huko yanaonyesha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Si 0.1 wala 0.02 itakayoipunguza, na kuchemsha kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki sufuriani.

Na namba yenyewe ni ya chujio ambalo halijapasuka. Likishatumika, maji hubaki ndani ya nyuzi, na yakiganda yanatanuka na kuzipasua bila dalili yoyote ya nje. Kwenye kambi za juu usiku lilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia.

Kwa hiyo mwenzako akisema lake ni la 0.1 na linatoa kila kitu, huna haja ya kumpinga namba. Mwambie aseme "linazuia bakteria na protozoa", kisha umuulize kama amebeba vidonge.