Padre ana mke? Dhana zinazotuchanganya Tanga kuhusu Wakristo

"Ukiona kanzu ndefu, chetezo kinafuka ubani na watu wamepiga magoti, hao ni Wakatoliki." Ndiyo dhana ninayoisikia zaidi hapa Tanga, na si ajabu. Nenda Magila, Muheza, Jumapili: ubani upo, mavazi ya rangi yapo, na ibada yenyewe inaitwa misa. Halafu padre anatoka kanisani na mkewe na watoto, mgeni anabaki kuduwaa.

Hao ni Waanglikana. Wamisionari wa UMCA, chama cha misheni kutoka Uingereza, waliofika huko karne ya 19 walitoka upande wa Uanglikana uliotaka kurudisha ibada za kale, mwamko ulioanzia Oxford, Uingereza, mwaka 1833. Ndiyo maana sura ya ibada inafanana na ya Kikatoliki. Ila Papa hana mamlaka kwao, na padre anaruhusiwa kuoa. Wapo wanaoongeza kwamba basi wanatawaliwa na mfalme wa Uingereza. Hapana. Henry VIII alijitenga na Roma mwaka 1534, lakini cheo cha mfalme kinahusu kanisa la nchini kwake tu. Kanisa Anglikana la Tanzania linajitegemea tangu 1970. Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Uingereza, wanamheshimu, lakini yeye hawaamrishi.

Panda Lushoto ukutane na Walutheri, matunda ya misheni ya Wajerumani iliyofika Usambara mwaka 1891. Anayedhani Waprotestanti wote ni wamoja amkalishe Mlutheri wa Mlalo na Mlokole wa mjini, awaulize kama mtoto mchanga abatizwe. Mmoja atasema ndiyo, mwingine atasema asubiri aamini mwenyewe kisha azamishwe majini. Chai itapoa.

Kubwa zaidi barazani ni hili: Wakristo wana miungu watatu, Baba, Mama na Mwana. Mariamu hayumo kabisa katika Utatu. Wanaotajwa ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na kanuni ya imani iliyotokana na mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu) ya Nikea (325) na Konstantinopoli (381) inaanza hivi: "Nasadiki kwa Mungu mmoja". Jirani Mwislamu halikubali fundisho hilo na ana haki yake, ila alikatae lilivyo. Wengine husema Wakatoliki wanaabudu sanamu; Mtaguso wa Pili wa Nikea wa 787 ulitenganisha heshima na ibada: ibada ni ya Mungu peke yake. Walokole hawaridhiki na jibu hilo, lakini ndilo jibu la Wakatoliki.

Kisha inakuja Kwaresma, siku za toba kabla ya Pasaka. "Mnafunga huku mnakula?" Swali hili halikosi mwaka. Anayeuliza anapima kwa Ramadhani, alfajiri hadi magharibi. Sheria ya sasa ya Kikatoliki ni nyingine: kufunga kunakolazimu ni siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili na miwili midogo, na Ijumaa za Kwaresma watu huacha nyama. Siku 40 zinahesabiwa bila Jumapili. Samaki anaruhusiwa, kwa hiyo ukimkuta Mkatoliki na changu wa nazi mchana wa Ijumaa hajavunja kitu. (Kwa sisi watu wa pwani, sijui kujinyima kuko wapi hapo.)

Wanaofunga kwelikweli ni Waorthodoksi wa Ethiopia: nyama, maziwa na mayai havigusiki Kwaresma nzima. Na hao ndio wa kumwonyesha anayesema Ukristo ni dini ya Wazungu. Mfalme Ezana wa Aksum, dola ya kale ya huko Ethiopia, alibatizwa karne ya 4, wakati mmisionari Bonifasi alikwenda kuwahubiria Wajerumani karne ya 8. Augustino, mwalimu mkubwa wa kanisa la magharibi, alizaliwa mwaka 354 Tagaste, katika Algeria ya leo. Wahabeshi hao hao husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, nasi tunaiadhimisha 25 Desemba. Biblia haitaji tarehe yoyote.