Si Chama Kilichowakatia Ndege

Wiki iliyopita niliambiwa tena. Nilikuwa nimeitwa kuzungumza na wafanyabiashara wa mji mmoja mdogo wa Marekani uliopoteza safari zake za mwisho za ndege. Kabla sijafungua hata kompyuta, mzee wa mstari wa mbele akanyoosha mkono: "Usituzungushe. Marubani walitaka pesa nyingi, chama chao kikakaza shingo, shirika likakata ruti yetu." Ukumbi mzima ukaitikia. Nimepanga ruti miaka mingi, sasa nashauri viwanja vya ndege, na sentensi hiyo naweza kuimalizia kabla msemaji hajavuta pumzi.

Dhana: Chama cha wafanyakazi ndicho kilichoua ruti

Skrini ya mpangaji haionyeshi miji. Inaonyesha mistari. Kila mstari ni ndege moja, kuanzia inapoamka alfajiri hadi inapolala usiku, na ndani ya mstari mna vipande, kila kipande safari moja. Ukikata vile vipande viwili vya kuja kwenu na kurudi, vinavyochukua jumla ya muda wa saa tatu, ndege haikai bure, inapelekwa pengine. Kwa hiyo mpangaji haulizi tu kama mji wenu una faida. Anauliza saa hizo tatu zingeingiza zaidi wapi. Na hapo ndipo hoja ya mzee inapovunjika: rubani hulipwa kwa saa anazoruka, kulingana na aina ya ndege, cheo na miaka yake kazini. Aje kwenu, aende kwa jirani yenu, saa yake ina bei ileile. Mshahara hauchagui mji.

Najua jibu linalofuata: lakini ndege ndogo inaumia zaidi. Kweli. Ndege ya viti 50 inahitaji marubani wawili sawasawa na ya viti 76, na gharama yao hugawanywa kwa abiria wachache. Ila mafuta nayo yana hesabu hiyohiyo. Mwaka 2008 pipa lilipopita dola 140, ndege za viti 50 ziligeuka mzigo karibu kila shirika, na bei hiyo ya mafuta haikupandishwa na chama chochote.

Kama bado chama ndicho muuaji, basi nielezwe habari ya Memphis. Shirika la Delta lililimeza shirika la Northwest mwaka 2008. Ghafla Atlanta na Memphis zikajikuta ndani ya nyumba moja, vitovu viwili vya kusini, yaani viwanja ambako abiria hubadilisha ndege, vinavyogombea abiria walewale wa kuunganisha safari. Kaskazini kidogo, Detroit na Cincinnati hali ikawa hiyohiyo. Cincinnati, iliyowahi kuwa na safari za Delta zaidi ya 600 kwa siku, ilikuwa imeshaanza kupunguzwa. Baada ya muungano ikazidi kunyauka. Memphis ikaondolewa kwenye orodha ya vitovu mwaka 2013. Na Delta ni shirika gani? Ndilo lenye vyama vichache kuliko makubwa wenzake: wahudumu wake wa ndege walipiga kura mwaka 2010, chama kikashindwa. Shirika jingine kubwa, Southwest, ambako wafanyakazi walio wengi wamo ndani ya vyama, ilitangaza faida miaka 47 mfululizo hadi 2019.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2022. SkyWest, inayorusha ndege ndogo kwa niaba ya mashirika makubwa, ilitoa notisi ya kuondoka miji 29 iliyokuwa ikihudumiwa kwa ruzuku ya serikali. Sababu iliyotolewa ni uhaba wa marubani. Mashirika makubwa yalikuwa yamewashawishi wakongwe wao wastaafu mapema wakati wa korona. Abiria waliporudi, yakaanza kuchota marubani kutoka mashirika madogo, ambako malipo yalikuwa duni. Marubani wa SkyWest, kwa taarifa ya mzee wangu, hawana chama huru kama cha wenzao wa mashirika makubwa. Hapo kama mshahara ulihusika, ulihusika kwa kuwa mdogo. Mwaka huohuo mashirika madogo kadhaa yalipandisha malipo kwa kishindo ili marubani wasiendelee kutoroka.

Lipo jambo moja ambalo navibebesha vyama sehemu ya lawama, maana sitaki kuitwa wakili wao. Mikataba ya hali bora ya marubani wa mashirika makubwa ina kifungu kinachowekea kikomo ndege zinazoweza kukabidhiwa mashirika madogo: viti 76 na uzito wa pauni 86,000, na idadi ya ndege zenyewe pia ina mipaka. Kiwanda cha ndege cha Embraer cha Brazili kilitengeneza E175-E2, ndege mpya yenye injini zinazobana mafuta, ikatoka nzito kuliko kikomo hicho. Kwa hiyo mji unaofaa ndege ya namna hiyo unabaki na za kizazi cha zamani. Chama kinajibu kwamba bila kifungu hicho kazi yote ingehamishiwa kwa wanaolipwa nusu, na ukiangalia historia hawasemi uongo. Lakini hiki ni kikomo cha aina ya ndege, na hakuna mezani pa mazungumzo anayechora msalaba juu ya jina la mji wenu.

Dhana: Ndege ilikuwa inajaa, kwa hiyo ilikuwa na faida

Ilijaa kwa nauli gani? Viti vyote 50 vikiuzwa kwa bei ya kutupa, ndege imejaa na hasara ipo palepale. Nilimuuliza mzee alisafiri mara ngapi mwaka jana. Mara sita. Kupitia uwanja wa mjini kwao? Mara moja. Zilizobaki aliendesha gari saa mbili hadi uwanja mkubwa, maana kule nauli ni nafuu. Kabla ya kukiandikia chama barua ya hasira, hesabuni magari ya watu wa mji wenu kwenye maegesho ya uwanja ule. Ushauri huu nautoa kila mahali na karibu hakuna anayeufuata.

Dhana: Vyama hupinga kila muungano

Shirika la American lilipokuwa chini ya ulinzi wa mahakama ya kufilisika mwaka 2012, vyama vyake vitatu viliunga mkono hadharani muungano na shirika la US Airways, wakati uongozi wa American wenyewe ulikuwa bado hautaki. Serikali ilipoushitaki muungano huo Agosti 2013, vyama vilisimama upande wa mashirika. Kesi iliishia kwenye makubaliano ya kuachia jozi 52 za nafasi za kuruka na kutua kwenye uwanja wa Reagan National wa Washington na 17 kwenye LaGuardia wa New York.

Kinachowatoa jasho wafanyakazi ni orodha ya ukongwe, kwa sababu namba yako humo ndiyo inayoamua ndege, ratiba, likizo na nani apunguzwe kwanza. American ilipolichukua shirika la TWA mwaka 2001, wahudumu wa ndege wa TWA waliwekwa mkiani, hata waliotumikia miaka 30. Kisa hicho ndicho kilichozaa sheria ya 2007 inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki. US Airways na America West ziliungana 2005, na hadi 2013 marubani wao walikuwa bado wanagombea orodha. Mpangaji akawa na mashirika mawili ndani ya rangi moja.

Dhana: Wakikasirika watagoma kesho

Hawawezi. Sheria ya kazi ya reli ya 1926, iliyoingiza mashirika ya ndege mwaka 1936, haiuachi mkataba ufe. Masharti yake huendelea huku pande mbili zikijadiliana, wakati mwingine kwa miaka. Kwanza upatanishi, kisha siku 30 za kutulia, na rais anaweza kuingilia. Februari 1997 marubani wa American walianza mgomo, na Rais Clinton akausimamisha ndani ya dakika chache.

Dhana: Serikali ilipaswa kulizuia shirika lisiondoke

Mamlaka hayo yaliondolewa mwaka 1978. Kilichobaki ni ruzuku kwa miji midogo inayostahili, ambako shirika la mwisho hutakiwa kutoa notisi ya siku 140 na linaweza kuzuiwa hadi mbadala apatikane. Mji wa mzee haumo kwenye mpango huo. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama chama kilihusika.