Saa ya Uzito Ikisimama, Kagua Kwanza Sanduku Lake

Saa ndefu ya sandukuni, ile Waingereza wanayoiita saa ya babu, haiendeshwi na betri wala springi. Inaendeshwa na chuma kinachoshuka. Katika saa za Kiingereza za siku nane, chuma hicho huwa na kilo 5 hadi 6 hivi, kimening'inizwa kwenye kapi, na uzi wake umeviringwa kwenye pipa dogo ndani ya mtambo. Springi husukuma kwa nguvu ikiwa imejaa na hulegea ikikaribia kuisha. Chuma huvuta vilevile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kingeachiwa tu, kingegonga sakafu kwa muda mfupi. Kinachokizuia ni nanga, kipande chenye kucha mbili kilichokaa juu ya gurudumu la meno 30. Pendulamu, ile fimbo ndefu yenye uzito chini inayobembea, ikienda, ukucha mmoja huachia jino. Ikirudi, wa pili hudaka jingine. Mlio tunaousikia ni wa jino kugonga ukucha, na kila jino huisukuma pendulamu kidogo isichoke. Pendulamu ya sentimita 99 hivi huenda kwa sekunde 1 na kurudi kwa sekunde 1, hivyo gurudumu hilo humaliza mzunguko kwa dakika moja kamili.

Ijaze saa, yaani pandisha tena vyuma vyake, mara moja kwa wiki, siku ileile. Fungua mlango wa sanduku uone vyuma, kisha zungusha ufunguo polepole na uache kabla kapi halijagusa ubao unaobeba mtambo. Kwa kawaida tundu la ufunguo la kulia ni la chuma cha mishale, la kushoto la chuma cha kengele. Saa yenye mnyororo badala ya uzi huvutwa kwa ncha isiyo na uzito, wima kuelekea chini. Usinyanyue chuma kwa mkono ili kujirahisishia kazi: mnyororo ukilegea huchomoka kwenye meno yake.

Ikichelewa, pandisha nati iliyo chini ya pendulamu, ikikimbia, ishushe. Milimita moja tu hubadilisha sekunde 43 hivi kwa siku, basi zungusha kidogo, kisha subiri kesho.

Saa nyingi zinazopelekwa kwa fundi hazina ugonjwa wowote, zimesimama vibaya. Sikiliza: mlio ukichechemea, mmoja mrefu na mwingine mfupi, sanduku limeinama. Chomeka kibao chembamba chini ya mguu mpaka milio ilingane. Ikisimama katikati ya wiki ingawa imejazwa, tazama kama chuma kimefika usawa wa pendulamu. Sanduku linalotikisika hukifanya chuma nacho kiyumbe na kuinyang'anya pendulamu nguvu. Dawa ni kulifunga sanduku ukutani kwa skrubu.

Unapoihamisha, ondoa pendulamu na vyuma kwanza. Kibati chembamba kinachoishikilia pendulamu hukunjika kwa mtikisiko mmoja, na kikishakunjwa hubadilishwa, hakinyooshwi.